Mlio wa Nane

Jina langu siweki hapa, na Masanja hakuitwa Masanja. Sababu mtaiona mwishoni. Ila mnaosoma nami mtanitambua tu, maana shule nzima hakuna msichana mwingine aliyewahi kufyeka nyasi wiki nzima kwa kosa la kukoroma kwenye sala ya asubuhi akiwa macho. Ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nawapima kama mnamsikiliza Mungu au mnanisikiliza mimi. Mlinisikiliza mimi.

Ilikuwa kipindi cha Kiingereza, muhula uliopita. Mwalimu wetu tunamwita Koma, kwa sababu akizungumza hupumzika kila baada ya maneno mawili kama mtu anayepanda mlima. Siku hiyo aliugawa ubao katikati. Kushoto akaandika maneno ya Kiingereza ya makelele. Kulia akaandika maneno ya Kiingereza ya vitu vinavyokua haraka. Boom aliiandika pande zote mbili, akaipigia mstari kwa furaha kubwa, kama kuku ndiyo kwanza ametaga. Sisi tulikuwa tunasinzia. Ilikuwa saa sita mchana, tumboni mna uji wa asubuhi peke yake, na jua la Shinyanga mnalijua lisivyo na adabu.

Nyuma ya darasa fundi wa kuchomelea alikuwa anatengeneza vitanda vya bweni letu, vile vilivyovunjika kwa sababu ambazo mimi na Veronika hatuzijui. Akafungua pipa lake la gesi aongeze mawe ya kutoa gesi, na harufu ikaingia dirishani. Mnaikumbuka. Kitunguu saumu kilichooza ndani ya soksi. Darasa zima likaziba pua.

"Ni wewe?" Veronika akaninong'oneza, maana kila kibaya cha darasa lile huanzia kwenye dawati letu.

Nikanusa kiganja changu.

"Wewe, wa nyuma," akasema Koma. "Unayependa, kuchekesha wenzio. Tunga sentensi, kwa neno, bang."

Mligeuka wote. Mlishaanza kutabasamu kabla sijasimama, na kwa kweli nilikuwa nayo sentensi tayari, inamhusu mwalimu mkuu na kiti chake kile chenye mguu mbovu. Nikasimama. Nikatazama ubao kutoka juu hadi chini, kushoto na kulia, nikaona kuwa maneno yale yote nayajua, na niliyajua kabla sijajua kusema habari ya asubuhi kwa Kiingereza.

"Haya nilishayasoma, mwalimu."

"Wapi? Hayamo, kwenye kitabu chenu."

"Ukutani."

Mkacheka mpaka Koma naye akacheka. Nikakaa. Mlidhani nimefanya utani, na mimi nikawaachia mdhani hivyo, kwa sababu ndiyo kazi niliyojipa tangu nina miaka minane.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo, kwenye kibanda chetu cha machimboni, upande wa Nyarugusu. Baba yangu alikuwa mpiga baruti. Ujanani alifanya kazi Mwadui, kwenye almasi, na huko ndiko alikojifunza kazi hiyo kwa kubebea wakubwa masanduku. Halafu akasikia habari za dhahabu, akamchukua mama na sisi watoto, akaenda. Kusoma hakujua. Lakini machimbo yote yalimwita Baba Holo wa Kofia, Holo ndiye mkubwa wetu, na hakuna aliyetaka baruti yake ipigwe na mwingine.

Kofia ilikuwa hivi. Chini ya duara, ndiyo shimo la kuchimbia, walitoboa matundu kwenye mwamba, na kila tundu likapata baruti yake na utambi wake. Kabla ya kuwasha, baba aliokota vijiwe, kila utambi kijiwe kimoja, akavitia kwenye kofia yake ya kitambaa. Akiwasha, alipanda juu haraka, akaketi kwenye sanduku, kofia magotini. Hapo machimbo yote yalinyamaza. Wanawake waliokuwa wanatwanga mawe, mama yangu akiwemo, walishikilia mitwangio yao ya chuma hewani. Mwenye redio aliizima. Mlio wa kwanza ukija, baba alitoa kijiwe kimoja akakitupa nyuma ya mgongo wake bila kugeuka. Wa pili, kijiwe cha pili. Kofia ikiwa tupu, alipuliza vumbi lililobaki ndani yake, akaivaa, na watu wakaanza tena kukohoa.

Kama kijiwe kilibaki, hakuna aliyeshuka siku hiyo. Kofia ilitundikwa kwenye mti wa kamba, pale mdomoni mwa duara, na kijiwe ndani yake. Maana yake chini kuna mmoja amelala, baruti ambayo haijalipuka. Watu walilalamika, wakatukana, wakasema dhahabu yao inaozea huko, na baba aliwasikiliza wote kwa heshima halafu akaenda kula.

Masanja ndiye alikuwa mwenzake wa kushuka. Kijana wa Kishapu, mfupi, ana mwanya, amemaliza darasa la saba na kwa hiyo alijiona profesa. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyoanzia herufi B, kwa sababu kurasa za A zilikuwa zimeshasokotewa tumbaku na mwenyewe wa zamani. Masanja alisema Kiingereza kinachoanza na A si muhimu, kingekuwa muhimu kisingewaka vizuri vile. Kwa mkaa, kando ya mlango wetu kwa ndani, aliniandikia maneno manane ya milio, kwa sababu nane ndiyo idadi ya juu kabisa ambayo baba alikubali kuwasha kwa mpigo mmoja. Boom. Crash. Thump. Rumble. Roar. Clap. Blast. Bang. Mimi nilikuwa ndiyo naingia darasa la pili, Kiswahili chenyewe nakisoma kwa kuburuta kidole, lakini maneno yale niliyajua kama majina ya mbuzi.

Baruti ikipigwa, Masanja alikuja kusimama karibu nami. Kuongea ilikuwa marufuku, kwa hiyo tulitumia midomo bila sauti. Ikiisha, ndipo alipofanya mtihani.

"Haya mzungu wangu, ule wa tatu ulikuwa nani?"

"Crash!"

"Mwongo. Crash ina masufuria ndani yake. Ule ulikuwa thump. Umeanguka kama gunia la pamba."

"Mbona nimesikia masufuria?"

"Umesikia njaa. Nenda kwa mama yako."

Baba aliponiona nacheka alitikisa kichwa. "Masanja, mwache mtoto. Utamjaza kelele kichwani."

"Kaka, kelele za Kiingereza zina vyeo," alisema Masanja. "Huyu atakuja kuwa mkubwa wa ofisi, atagonga meza, bang, watu wanakimbia."

Upande wa pili wa mlango aliandika maneno mengine. Grow. Swell. Spread. Shoot up. Hayo aliyaandika kwa ajili ya mji. Tulipofika pale nyumba zilikuwa kumi na moja, nilizihesabu kwa vidole na pua. Baba alichagua kujenga mbali, nyuma ya kichuguu kikubwa, mahali ambapo mlio wa baruti ulifika umechoka, kama mlango wa jirani unafungwa. Halafu watu wakaanza kuja. Walikuja wa Bukombe na Ushirombo, rozari shingoni na majembe begani. Walikuja wa kwetu waliochoka kungoja mvua. Mhindi wa duka, tuliyemwita Baba Zainabu, mwanzo alikuja mara moja kwa wiki na gari, akauza sabuni na chumvi akiwa juu ya gari bila kushuka. Mvua za vuli zikamkuta ana kibanda cha mabati. Mvua za masika zikamkuta ana ukuta wa tofali, kaunta, na viatu vya watoto vimening'inizwa kwa kamba kama samaki. Mji ukatufikia nyuma ya kichuguu, ukatupita bila hodi, ukaendelea. Mtu akiona ardhi tupu kati ya nyumba mbili alichimba duara. Akichoka na duara alijenga choo. Siku moja tuliamka, na duara jipya la baba na Masanja likawa hatua thelathini kutoka jikoni kwetu.

Na mimi nilikua hivyo hivyo, ovyo. Masanja alinisimamisha mlangoni kila mwezi, akapiga mstari wa mkaa juu ya kichwa changu. "Wewe na huu mji mnashindana," alisema. "Sijui nani atagonga mawingu kwanza."

Sasa siku yenyewe. Kule dukani kulikuwa na viatu vyekundu vya mpira, jozi moja iliyobaki, na Pendo wa jirani alikuwa amevijaribu mara mbili. Baba Zainabu angefunga jioni ile, kesho yake anasafiri kwenda Mwanza kuchukua bidhaa, na Jumatatu shule inafunguliwa. Asubuhi baba alikuwa ameniambia, "Kofia ikiwa tupu, tunakwenda." Kwa hiyo mimi siku nzima sikuangalia kitu kingine duniani isipokuwa kofia.

Alitia vijiwe vinane. Nilimwona. Akashuka, akapanda, akaketi. Mitwangio ikasimama hewani. Masanja akaja kando yangu, na midomo yetu ikaanza kazi. Boom. Crash. Thump. Ikafuata miwili karibu karibu, rumble na roar, baba akatupa viwili. Clap. Blast.

Halafu basi.

Tulingoja. Nzi walianza kurudi. Mama akashusha mtwangio polepole, kwa sababu mkono nao una mwisho wake. Ndani ya kofia kulikuwa na kijiwe kimoja, na baba alikitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kula. Nikamwona anaanza kuinuka. Nikajua anakwenda kuitundika kofia. Nikaona viatu vyekundu vinatembea na Pendo.

Nataka mnielewe hapa, hata kama hamtanielewa mahali pengine. Mimi nilidhani milio ndiyo kazi. Nilidhani baruti zinaitwa majina kama sisi darasani, kila moja iitikie "yupo", na zikishaitikia zote mwalimu anafunga daftari watu wanakwenda nyumbani. Tena darasa la kwanza nilikuwa nimeshajifunza kitu ambacho hata ninyi mnakifanya mpaka leo. Pendo akichelewa, jina lake likiitwa, naitikia mimi kwa sauti yake. Mwalimu anatia alama. Hakuna anayeumia.

Nikaenda nyuma ya jiko. Pale tulificha kopo la maziwa na vipande vya mawe ya taa, yale ambayo wachimbaji walitia kwenye taa zao za kichwani, yakiloa yanatoa gesi na ile harufu. Watoto wote wa machimbo waliujua mchezo wa kulipua kopo. Sitawaeleza unavyochezwa, maana wadogo zenu watasoma. Kifuniko kiliruka juu ya paa la jiko. Mlio ulikwenda ukagonga mwamba wa kilimani, ukarudi kutoka upande wa duara, mkavu, mmoja, kama neno.

Nilichungulia. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, ameinamisha kichwa upande.

"Huyo!" akasema Masanja. "Mvivu ameamka."

"Umeusikia vizuri?"

"Kaka, nimeusikia mpaka kwenye jino bovu."

Baba hakutupa mara moja. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Alikitoa kijiwe, akakigeuzageuza kati ya vidole viwili, akatazama duara, akamtazama mama, na mama akainua mabega maana naye alisikia. Ndipo akakitupa nyuma ya mgongo. Akapuliza kofia. Akaivaa. Mitwangio ikaanza kugonga.

Walingoja moshi uishe. Nilirudi na kopo ndani ya gauni, nanuka mawe ya taa kuanzia nywele, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu Masanja naye alikuwa amekwisha kuwasha taa yake na ananuka vile vile. Alinipita akiwa anakaza mkanda.

"Haya mzungu. Wa mwisho ulikuwa nani?"

"Bang," nikasema.

Akafikiri kidogo, ameziba jicho moja, kama kweli mtihani. "Bang," akakubali. "Mkavu, safi, hauna mkia. Umepata mia kwa mia."

Akashuka na tindo lake na nyundo.

Mimi nilikaa mlangoni kuosha miguu kwa ajili ya viatu. Nilikuwa nasugua kisigino na jiwe. Maji ya kwenye beseni yalitetemeka, yakafanya duara ndogo ndogo kutoka pembeni kuja katikati, ndipo mlio ukafika. Ukutani hakukuwa na neno lake. Na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa la hesabu: tisa. Baba ametia nane, zimekuja tisa. Nikashangaa kuwa baba amekosea.

Halafu nikamwona baba. Alikuwa mdomoni mwa duara amelala kifudifudi, ameshika kamba, na kamba inapita tu katika viganja vyake, haina uzito wowote mwisho wake.

Msiba ulikaa kwetu siku mbili, hadi walipopata gari la kumrudisha kwao. Wanaume waliketi nje, na wanaume wakikaa hawawezi kunyamaza. "Zilikuwa saba," walisema. "Mimi nilizihesabu saba, nikajisemea labda masikio yangu." Yule aliyesema hivyo alikuwa amelewa siku nzima ile, hata mimi nilimwona, lakini mtu akishakufa kila mlevi anakuwa shahidi. Wengine wakasema Baba Holo siku hizi ana haraka. Wengine, ameonja dhahabu. Baba alikuwa na viganja vimefungwa kanga ya mama. Siku ya kwanza alijibu kila mmoja, "Nilihesabu nane." Siku ya pili aliacha.

Tulimsindikiza mpaka Kishapu. Mama yake Masanja alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu kuliko tulivyotarajia. Alimsubiri baba ashuke kwenye gari. Baba akamwamkia, shikamoo mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akainama. Yeye hakuitikia marahaba.

"Baba Holo," alisema, "mwanangu alinitumia salamu. Alisema usiogope mama, nafanya kazi na mtu anayejua kuhesabu."

Baba akatazama chini. Nilikuwa nimeshika koti lake.

"Nilikosea, mayu," akasema. "Zilikuwa saba."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu. Nimeparudia mahali pale mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nilifungua mdomo, naapa, na hewa ikaingia, na yule mama akanitazama. Nikafanya kitu ambacho sijui kilitoka wapi. Nikapiga chafya. Chafya ya uongo, kubwa, ya kuchekesha, na mtoto mmoja wa pale akacheka, wakubwa wakamfukuza, na lile la kusemwa likapita. Utani wangu wa kwanza ulikuwa huo. Yote mliyocheka baada ya hapo ni watoto wake.

Tuliporudi machimboni, Baba Zainabu alikuja kutoa pole. Alileta sukari, na akaleta viatu vyekundu. "Baba yako aliniomba nikuwekee," aliniambia. "Vaa, binti. Usilie." Nilivivaa kwenda shule kwa sababu mama alisema zawadi ya msiba haikataliwi. Nilimwomba Mungu anikuze haraka. Ni ombi pekee la utotoni nililojibiwa bila kuchelewa: kabla mavuno hayajaisha vilikuwa vimeshanibana, akapewa Pendo.

Mji haukuona kitu. Nilidhani utasimama kidogo, walau ule mtaa wetu. Wapi. Waliokuja mwezi uliofuata hawakumjua Masanja, na waliokuja baada yao hawakujua kama kuna duara lililofukiwa. Mtu akajenga kinyozi juu yake, akaweka kioo na kiti kizuri. Sisi tulikaa mpaka viganja vya baba vilipopona, halafu tukarudi kwetu kwenye pamba na ng'ombe. Asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni, nikapima kwa mkono. Nilikuwa nimeshaupita mstari wa mwisho wa mkaa kwa vidole viwili.

Mnaojua kwetu mnamjua baba kama mzee mpole anayefuga ng'ombe na hacheki sana. Msichojua ni kwamba tangu siku ile hajawahi kuamini hesabu yake. Kila jioni ng'ombe wakirudi anasimama mlangoni mwa boma, anawahesabu, wapo kumi na wanne, miaka yote ni kumi na wanne au hapo hapo, mtoto wa kunyonya angewahesabu. Halafu anageuka anaita, "Mama Holo, hesabu na wewe." Mama anaacha ugali motoni anakuja. Anahesabu. Ndipo baba anaziba mlango kwa miiba. Kwenye chama cha ushirika walimwomba awe mpokeaji wa pamba, akakataa. Hata sisi wanawe, yeye ana watoto watano, akiulizwa na mgeni humtazama mama kwanza. Na kila msimu wa kulima, shamba letu likingoja, huchukua maksai wake akaenda Kishapu kumlimia mama yake Masanja. Yule mama siku hizi humwitikia marahaba. Ilichukua miaka minne.

Likizo hii nilikwenda nyumbani na harufu ya yule fundi bado iko puani. Jioni ya tatu nilikuwa bomani na baba. Aliwahesabu, mdomo unacheza. Akageuka.

"Mama Holo, hesa..."

"Baba," nikasema. "Mwache mama kwanza."

Nilikuwa nimejitungia maneno njiani, marefu, yana utangulizi. Yote yalikimbia. Nikasema, "Baruti zilizolia siku ile zilikuwa saba."

Hakuuliza siku ipi. "Najua. Nilishasema."

"Ila wewe ulihesabu sawasawa. Wa nane ulikuwa wangu. Nililipua kopo nyuma ya jiko. Nilikuwa nataka viatu."

Ng'ombe mmoja alikojoa, muda mrefu sana, na sisi tukangoja amalize.

"Kopo," akasema baba.

"La maziwa. Na mawe ya taa."

"Nyuma ya jiko."

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa nimejiandaa, hata, asiniite mwanawe tena. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya. Aliegemea mti wa boma, akainua mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la kamba, akaanza kukunja vidole, na midomo inataja kitu, taratibu, kimoja kimoja. Vitano vilipoisha akavikunjua akaanza upya, na alipofika wa nane akausimamisha mkono hewani.

"Kwa hiyo niliusikia," alisema.

"Uliusikia, baba."

"Niliusikia kweli. Nane." Sauti ilimpasuka katikati. "Ng'wanone, mwanangu, mimi niliusikia."

Akalia. Sijawahi kumwona baba analia, hata Kishapu hakulia. Nami nikalia, bila utani wowote wa kushika. Nikasema nitakwenda kwa mama yake Masanja, nimwambie mwenyewe. Baba akajipangusa kwa mkono wa shati.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi. Mama yako asijue. Wala yule mama wa Kishapu. Ameshazoea kunichukia mimi, sasa amechoka, ameanza kunisamehe. Usimwanzishie upya kwa mtoto." Akanitazama. "Iache kwangu. Mimi nimeshajua nilivyohesabu."

Akageukia ng'ombe. Akawahesabu mara moja tu, kwa kidole, haraka, kama kijana. "Kumi na wanne," akasema, akaziba mlango kwa miiba bila kumwita mtu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatusimamia pale uani, akashangaa mbona leo hajaitwa.

Kesho yake jioni tulikuwa tena bomani. Baba aliwahesabu mara moja. Nilimwona amemaliza, nilimwona anajua. Lakini mama alikuwa mlangoni pa jiko anamtazama, tangu jana anamtazama. Baba akashusha mabega yale yale ya siku zote, akaita, "Mama Holo, hesabu na wewe."

Mama akaweka mwiko chini, akaja.